Dhahabu Inayobaki Kwenye Marudio

Lori linalokwenda Tunduma halikwepi mizani ya Mpemba. Dereva awe na haraka ya namna gani, awe amebeba mafuta ya Lubumbashi au mbolea ya Zambia, atasimama, atasogea taratibu, na uzito utasomwa ekseli baada ya ekseli. Sheria ya Afrika Mashariki inamruhusu tani 56 kwa jumla. Akizidisha, faini inamsubiri. Shaba inayokuja kutoka upande wa pili wa mpaka nayo husafiri na karatasi zake: uzito, ubora, mwenye mali na mahali inakokwenda. Tangu Oktoba 2019, Rais John Magufuli na Rais Edgar Lungu walipozindua kituo cha huduma za pamoja pale Tunduma na Nakonde, biashara nzima ya mpaka ule imejengwa juu ya jambo moja: mali ijulikane ni kiasi gani na ni ya nani kabla haijatoka mkononi.

Kaskazini ya hapo, katika mkoa uleule wa Songwe, kuna mali ya thamani kubwa kuliko shaba ambayo sehemu yake kubwa hutoka mkononi mwa mwenyewe bila kupimwa. Hiyo ni dhahabu iliyomo kwenye mawe ya mchimbaji mdogo. Ile anayoifikisha sokoni hupimwa vizuri, kwenye mizani ya kielektroniki, mpaka sehemu ndogo kabisa ya gramu, mbele ya afisa wa Serikali. Lakini ile inayobaki kwenye mchanga uliosagwa, ule ambao wachimbaji wanauita marudio, haina mizani wala risiti, na mara nyingi haimrudii yule aliyeichimba.

Makala haya yana hoja moja: mkoa wa Songwe hautajua mgodi wake unatoa nini, wala mchimbaji wake hatajua amepata nini, mpaka jiwe lipimwe kabla halijasagwa na marudio yapimwe kabla hayajaachwa.

Mkoa wa Songwe ulizaliwa mwaka 2016 baada ya kumegwa kutoka Mbeya. Wilaya inayobeba jina la mkoa, ambayo makao yake makuu yako Mkwajuni, ilikuwa sehemu ya Chunya, na kwa hiyo ilirithi nusu ya historia ya Chunya. Historia hiyo ni ya dhahabu. Mwaka 1922 dhahabu ilipatikana kwenye bonde la mto Lupa, na katika miaka ya 1930 eneo hilo likajaa wachimbaji kutoka kila upande. Uingereza ilikuwa imeacha kufunga sarafu yake kwenye dhahabu mwaka 1931, na mwaka 1934 Marekani ikapandisha bei kutoka dola 20.67 hadi dola 35 kwa wakia. Bei ile ilitosha kuwavusha watu bahari na pori. Wazungu wakaja na hati za madai ya ardhi. Waafrika wakaja kwa maelfu, wengi wao kwa ujira, wakichimba na kuosha.

Mwanzoni iliokotwa dhahabu ya mchangani, ile ambayo mito ilikuwa imeshaitenga na mwamba kwa kazi ya karne nyingi. Ilipopungua, watu walifuata chanzo chake kwenye mawe. Ndipo ukaja mgodi wa New Saza, uliofanya kazi kuanzia 1939 hadi 1956 na kutoa takriban tani 8 za dhahabu. Katika Tanganyika ya siku zile ni Geita tu iliyoupita. Ulipofungwa, mashimo yalibaki, na watoto wa vijiji vya jirani wakakua wakijua kwamba chini ya miguu yao kuna kitu ambacho wageni waliona kinafaa kuchimbwa kwa miaka 17.

Mwamba wenyewe ni mkongwe kuliko simulizi yoyote ya binadamu. Miaka karibu bilioni mbili iliyopita, ardhi ya Lupa ilibanwa na kupasuka, na maji ya moto yaliyobeba silika na dhahabu yakapanda kwenye nyufa. Yalipopoa yaliacha mikanda ya kwatzi, jiwe jeupe gumu ambalo mchimbaji wa Saza analitambua kwa mbali. Mkanda unaweza kuwa mnene kama mwili wa mtu, kisha ukasinyaa mpaka upana wa kiganja, ukapotea, ukatokea tena mita kadhaa mbele. Dhahabu nayo haikusambaa sawasawa ndani yake. Kiroba kimoja kinaweza kulisha familia mwezi mzima, na kiroba kilichotoka hatua mbili tu kutoka pale kisirudishe hata gharama ya kusaga.

Hapo ndipo tabu inapoanza, kwa sababu macho hayatoshi.

Mchimbaji mwenye uzoefu ana njia yake ya kupima. Anavunja vipande vichache kutoka ukutani mwa duara, yaani shimo la uchimbaji, anavitwanga mpaka viwe unga, anaweka unga kwenye karai lenye maji na kuanza kuzungusha. Mchanga mwepesi unatoka na maji ukingoni. Kwatzi ina uzito wa mara 2.65 ya maji, dhahabu ina uzito wa mara 19, kwa hiyo dhahabu inakaa chini na kukataa kuondoka. Mwisho unabaki mkia mwembamba wa njano kwenye ukingo wa mchanga mweusi. Akiona mkia ni mrefu, anaita wenzake. Akiona nukta mbili tatu, anakaa kimya na kutafakari. Kipimo hiki ni cha werevu, na watu wamekitumia kwa vizazi. Lakini kinaonyesha dhahabu inayoonekana tu. Ile iliyojificha ndani ya chembe za madini mengine inatiririka na maji, na hakuna anayeiona ikipita.

Ndani ya duara, jambo hili hubadilika kadiri watu wanavyoshuka. Karibu na uso wa ardhi, hewa na maji ya mvua vimeuoza mwamba kwa muda mrefu. Jiwe lina rangi ya kutu, linavunjika kirahisi, na dhahabu yake iko huru. Kwa nyundo na tindo, kwa miti iliyokingwa kuzuia kuta zisianguke, kwa winchi ya mkono inayopandisha viroba, kundi la vijana linaweza kupata riziki. Wakifika kwenye maji ya chini ya ardhi, pampu inaanza kunguruma usiku na mchana na rangi ya jiwe inageuka. Kutu inaisha, unatokea mwamba wa kijivu wenye vimeremeta vya paraiti, madini ya chuma na salfa. Sehemu ya dhahabu sasa imefungwa ndani ya vimeremeta hivyo. Mchimbaji anaona mawe yake yamekuwa mazito na mazuri kuliko ya mwanzo, anaingia gharama kubwa zaidi ya mafuta na baruti, kisha anapata dhahabu kidogo kuliko alivyopata juu. Wengine husema duara limekufa. Mara nyingi duara liko hai, isipokuwa njia ya kuitoa dhahabu ndiyo imefika mwisho wake.

Njia hiyo ni ya karasha na zebaki. Mawe husagwa ndani ya pipa la chuma linalozunguka na mipira ya chuma mpaka yawe unga. Unga hutiwa maji na kupitishwa kwenye mwalo uliotandikwa magunia au vitambaa vinavyonasa chembe nzito. Vitambaa hukung'utwa kwenye beseni, zebaki inamwagwa, na mtu huyakoroga yale matope kwa mkono, mara nyingi mkono mtupu. Zebaki inaikumbatia dhahabu. Kisha inaminywa kwenye kitambaa mpaka libaki donge la kijivu, nalo linachomwa juu ya moto. Zebaki inapaa kama mvuke, dhahabu inabaki. Anayevuta hewa ile, awe mchomaji mwenyewe au mama anayeuza uji hatua chache kutoka hapo, anaingiza mwilini sumu inayoshambulia neva na figo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, na ikajiandalia mpango wa taifa wa kupunguza matumizi yake kwenye uchimbaji mdogo. Wanaochoma wengi bado hawana hata chombo rahisi cha kunasia mvuke.

Na baada ya hatari yote hiyo, zebaki inakamata kiasi gani? Kwa kawaida asilimia 30 hadi 40 ya dhahabu iliyokuwa kwenye jiwe. Zaidi ya nusu inabaki kwenye marudio.

Hesabu yake inaeleweka vizuri kwa mfano. Chukua tani moja ya mawe yenye gramu 10 za dhahabu, ambayo ni mawe mazuri. Zebaki ikitoa asilimia 35, wachimbaji wanaondoka na gramu 3.5. Kwa mgawanyo uliozoeleka sehemu nyingi za nchi, ingawa mafungu hutofautiana duara kwa duara, mwenye leseni huchukua asilimia 30, mwenye duara asilimia 40, na wachimbaji asilimia 30. Waliotoka jasho ndani ya shimo wanabaki na gramu 1.05, na hiyo wanaigawana kundi zima. Wakati huo gramu 6.5 zimelala kwenye rundo la mchanga nyuma ya karasha. Rundo lile, kwa desturi iliyoenea, linabaki kuwa mali ya mwenye karasha, au linauzwa kwa bei ndogo kwa mwenye mtambo wa uchenjuaji. Yeye analimimina kwenye matangi, anapitisha maji yenye sianidi kwa siku kadhaa, dhahabu inayeyuka na kunaswa na kaboni, na kaboni inapelekwa kutolewa dhahabu. Akipata asilimia 80 tu ya kilichobaki, ana gramu 5.2. Zimezidi zile walizogawana watu wote waliolichimba jiwe.

Mwenye karasha ana hoja zake, na ni haki zisikilizwe. Mashine ni yake, dizeli ni yake, mipira ya chuma inalika na lazima inunuliwe mingine. Wengi wao husaga kwa bei nafuu, au hata kwa mkopo, kwa sababu wanategemea marudio. Uchenjuaji kwa sianidi unataka mtaji, kibali, ujuzi na ulinzi, na kuna rundo ambalo halirudishi hata gharama ya kemikali. Anayebeba hasara ile anastahili faida yake. Tatizo liko mahali pengine: katika biashara hii upande mmoja unajua unachonunua na upande mwingine haujui unachouza. Mwenye mtambo huchukua sampuli ya marudio na kuipeleka maabara kabla hajatoa pesa. Mchimbaji anaondoka na donge lake, ameridhika au amekata tamaa, bila kujua kwamba ameacha nyuma zaidi ya alichobeba.

Dunia imewahi kufika mahali hapa. Karibu mwaka 1889, migodi ya Johannesburg ilishuka kutoka kwenye mwamba uliooza wa juu na kukutana na paraiti. Zebaki ikashindwa, hisa zikaanguka, na watu wakafungasha wakiamini kwamba dhahabu ya Witwatersrand imekwisha. Kilichoiokoa ni kemia. Mwaka 1887 huko Glasgow, John Stewart MacArthur na ndugu wawili wa familia ya Forrest walikuwa wamesajili ugunduzi wa kutumia sianidi, na kufikia 1890 njia hiyo ilikuwa inajaribiwa Afrika Kusini. Dhahabu haikuongezeka hata chembe ardhini, ila iliyokuwa inatupwa ikaanza kupatikana. Mchimbaji wa Saza anayeshangaa mwamba wa kijivu leo amesimama pale waliposimama watu wa Johannesburg zaidi ya miaka 130 iliyopita.

Tena jibu hana haja ya kulitafuta mbali. Katika wilaya hiyohiyo ya Songwe upo mgodi wa New Luika, uliomimina dhahabu yake ya kwanza mwaka 2012 chini ya Shanta Gold na kuanza uchimbaji wa chini ya ardhi mwaka 2017. Mwaka 2016 ulitoa zaidi ya wakia 87,000, yaani takriban tani 2.7. Mawe yake yanatoka kwenye mikanda ya mwamba uleule wa Lupa. Tofauti ni kwamba kila hatua hupimwa: mawe yanapoingia kwenye kinu, tope linapotoka, na mabaki yanapokwenda bwawani. Karibu asilimia 90 ya dhahabu hupatikana, na ikipungua mtu anaulizwa kwa nini. Kijiji na kampuni vinaishi uso kwa uso huku kampuni ikipata gramu 9 kutoka mahali ambapo kijiji kinapata 3.5. Hakuna kiongozi wa Songwe anayepaswa kulala usingizi mzuri na tofauti hiyo.

Serikali haikukaa bure. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2017 yalipandisha mrabaha wa dhahabu hadi asilimia 6, ikaongezwa ada ya ukaguzi ya asilimia 1, na Tume ya Madini ikaundwa. Januari 2019 Rais Magufuli alikutana na wachimbaji wadogo Dar es Salaam akawasikiliza. Wiki chache baadaye zikaondolewa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5 ambazo zilikuwa zinawasukuma kuuza gizani. Mwaka huohuo masoko ya madini yakafunguliwa, kuanzia Geita mwezi Machi, kisha mikoa mingine, Chunya na Songwe zikiwemo. Tangu Oktoba 2024 wauzaji wakubwa wanatakiwa kutenga angalau asilimia 20 ya dhahabu yao kwa ajili ya kusafishwa nchini na kununuliwa na Benki Kuu. Haya ni mambo ya maana. Mtu wa Mkwajuni ambaye zamani alimtegemea dalali mwenye mizani ya mfukoni sasa anajua bei ya siku kabla hajafungua kikaratasi chake.

Lakini hatua zote hizo zimelinda safari ya dhahabu kuanzia mlangoni mwa soko. Utoroshaji wa dhahabu kwenye mpaka wa Tunduma, ule wa kuficha gramu chache kwenye soksi na kuvuka nazo Nakonde, umepigiwa kelele kwa miaka, na ni sawa upigiwe kelele. Hasara inayotokea kwenye mwalo haina polisi wala kizuizi barabarani, na haimwogopi mtu. Inatokea mchana, mbele ya mwenye mali, na mwenye mali anaisaidia kwa mikono yake.

Mfano mzuri upo jirani. Itumbi, wilayani Chunya, ni miongoni mwa vituo vitatu vya mfano vilivyojengwa kwa wachimbaji wadogo chini ya mradi uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia na kukabidhiwa STAMICO, shirika la madini la Serikali. Vingine viko Lwamgasa na Katente, mkoani Geita. Pale mawe huchenjuliwa kwa sianidi na kaboni badala ya zebaki, na mchimbaji anaweza kuona kwa macho yake tofauti ya kinachopatikana. Aidha, Oktoba 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mitambo mitano ya kuchoronga miamba kwa ajili ya wachimbaji wadogo, ili mtu ajue mkanda unakwenda wapi kabla hajazika pesa kwenye shimo. Maono yapo. Kinachokosekana ni ukaribu. Kijana wa Mbangala, wilayani Songwe, mwenye viroba 20 hawezi kukodi gari hadi Itumbi ili akajifunze ubora wa mawe yake, na barabara za kutoka upande wa Mkwajuni hazijawahi kuwa rafiki wa mtu mwenye mzigo mdogo.

Kwa hiyo kuna mambo matatu ambayo Songwe inaweza kuyadai, na kuyapata, bila kusubiri sheria mpya kubwa. La kwanza ni maabara ya kupimia dhahabu kwenye mawe, iwekwe Mkwajuni, karibu na soko la madini, kwa usimamizi wa Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, kwa bei ambayo mwenye duara ataimudu. Halmashauri inakusanya ushuru wa huduma kutoka kwenye madini, na sehemu ya fedha hiyo ikijenga chumba chenye tanuru, mizani na mtaalamu, itarudi mara nyingi.

La pili ni mkataba wa marudio. Kila karasha lenye leseni lina daftari. Daftari hilo liongezewe safu mbili: dhahabu iliyopatikana, na kipimo cha marudio yaliyobaki. Pande mbili zikishajua kipimo, ziachwe zipatane zenyewe. Mwenye karasha anaweza kununua marudio, kugawana na mchimbaji kinachotoka kwenye matangi, au kumwachia ayachukue. Kinachotakiwa kufa ni ile desturi ya kuyaacha bure kwa kuwa hakuna aliyeuliza.

La tatu ni vikundi. Duara moja haliwezi kujenga mtambo wa uchenjuaji, lakini maduara 40 ya Saza yanaweza kumiliki mmoja kwa pamoja, wenye ukuta, bwawa lililozibwa chini lisivujishe, na mkemia wa kuajiriwa. Jambo hili lina uzito wa usalama pia. Sianidi ikimwagwa kwenye marudio yenye zebaki huiyeyusha nayo ikatembea na maji, na maji ya wilaya hii yanaelekea Ziwa Rukwa. Mtambo mmoja unaokaguliwa ni salama kuliko matangi 30 yaliyotawanyika nyuma ya nyumba za watu.

Muda nao unasukuma. Mwaka 2025 bei ya dhahabu ilivuka dola 3,000 kwa wakia, kisha ikavuka 4,000, na kila bei inapopanda, rundo la mchanga ambalo jana lilikuwa halifai kuchenjuliwa leo linawindwa. Serikali inasema wachimbaji wadogo sasa wanachangia karibu asilimia 40 ya mapato ya sekta ya madini. Kwa bei hiyo, mchango huo ungekuwa mkubwa kiasi gani kama wangepata dhahabu yote wanayoichimba? Ni swali ambalo maabara moja ya Mkwajuni ingeanza kulijibu ndani ya mwaka.

Jioni kwenye karasha, kazi inapoisha, pipa linazimwa na masikio yanabaki yakivuma. Vijana wananawa, wanakunja viroba vyao vitupu na kuvifunga kamba, maana kesho vitatumika tena. Mmoja ana karatasi ndogo ya sigara iliyokunjwa mara nne ndani ya mfuko wa shati, na kila baada ya hatua chache anaigusa kuhakikisha ipo. Wanapita kando ya rundo la marudio lililofika kiunoni, bado limelowa, na hakuna anayegeuza shingo kulitazama. Asubuhi, kabla hawajafika kazini, lori litakuwa limeshalipakia.